Upande wa Kushoto wa Boneti

Huko Matulo, nje kidogo ya Webuye, kila mtu alijua kwamba Jumamosi asubuhi Job Wanyonyi hapatikani kwa jambo lolote. Hata ukiwa na kikao cha harusi, ungemngoja. Alikuwa anaosha gari. Aliliosha kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye tangi, kwa sababu maji ya kisima chao yalikuwa na chumvi na yaliacha madoa meupe yakikauka. Hakumruhusu mtu kumsaidia wala kuliegemea. Lilikuwa Mark II kuukuu lenye rangi ile iitwayo damu ya mzee, na alilinunua akiwa bado anafanya kazi kwenye ofisi ya kilimo ya Bungoma. Sasa alikuwa amestaafu, nywele zimeingia mvi, na gari nalo lilikuwa limechakaa rangi, lakini upendo ulikuwa palepale.

Mkewe, Phelista Nabwile, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Hakuwa na wivu na gari. Alizoea kusema kwamba mume anayeosha gari Jumamosi, angalau unajua yuko wapi.

Walikuwa na binti mmoja, Nasimiyu, aliyefanya kazi Nakuru. Jioni moja alituma ujumbe kwa simu ya baba yake. Job aliishika simu ile, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akampa Phelista.

"Nisomee. Miwani yangu sijui niliweka wapi."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, lakini Phelista aliichukua simu. Alisoma. Kuna dada mmoja Kitale, Nasimiyu alikuwa ameandika, anafundisha watu kusafisha magari yao na kuyapiga polishi kwa mashine. Si darasa la mafundi, ni la watu wanaopenda magari yao tu. Ni la siku moja, Jumamosi. Nimekuandikisha, baba, na usikatae.

"Ati wanatoa mikwaruzo yote?" Job aliuliza.

"Ndivyo anasema. Gari inarudi kama mpya."

"Basi tutaenda."

"Tutaenda? Mimi nitaenda kufanya nini huko?"

"Kunisindikiza."

Phelista alimtazama. Miaka yote ile mume wake hakuwahi kumwalika kwenye mambo ya gari. Alifurahi, ingawa hakutaka ionekane, akasema lazima basi apike chai ya kubeba, kwa sababu hajui huko Kitale watu wanakunywa chai ya namna gani.

Jumamosi hiyo waliondoka ukungu ukiwa bado umelala kwenye miwa. Job aliendesha polepole kuliko kawaida yake, na alikuwa na maneno mengi. Baada ya Lugulu aliuliza, "Hao watoto wanavuka ama wamesimama?" Phelista akamwambia wamesimama. Kule Misikhu aliuliza, "Hilo ni lori ama ni trekta?" Phelista akamjibu ni trekta. Alidhani ni maongezi tu. Alikuwa amemenya mayai ya kuchemsha na alikuwa anampa kipande kwa kipande mkononi, akijisikia kama zamani walipokuwa wachumba.

Karibu na Kamukuywa pikipiki ya maziwa ilitokea upande wa kushoto, kutoka kwenye njia ya shambani. Phelista aliiona kitambo. Alidhani Job naye ameiona. Gari liliendelea vilevile, halikupunguza mwendo hata kidogo, mpaka Phelista akapiga kelele, "Baba Nasimiyu!" Job alivuta usukani kulia kwa nguvu. Mwenye pikipiki aliingia majanini, mitungi ikagongana kwa kishindo, na walipompita walimsikia akiwatukania mama zao.

"Hawa watu wa boda siku hizi, bana," Job alisema. "Hawaangalii."

Phelista aligeuza uso akaangalia mahindi ya watu.

Darasa lilikuwa ndani ya ghala la zamani la mahindi, karibu na mji wa Kitale. Mwalimu wao aliitwa Nyaruai. Familia yake ilitoka Nyeri tangu enzi za babu, na baba yake alikuwa amenunua na kuuza mahindi katika ghala lile mpaka alipochoka na kazi. Sasa magunia yalikuwa yamesogezwa pembeni, sakafu imesuguliwa, na binti alikuwa na mashine zake zimepangwa juu ya meza ndefu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye aproni nyeusi na sauti ya upole.

"Karibuni, baba. Karibu, mama. Mimi ni Nyaruai."

"Asante sana, mwalimu Nyaluai," Job alisema.

"Nyaruai," Phelista alimnong'oneza.

"Si ndiyo nimesema? Nyaluai."

Mwalimu alicheka, na kuanzia hapo kwa Job akawa Nyaluai siku nzima.

Wanafunzi hawakuwa wengi. Kulikuwa na Kiplagat, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka upande wa Cherangani, aliyeleta pikapu nyeupe. Kulikuwa na kijana mmoja wa Bungoma mjini, Ian, mwenye Subaru ya buluu iliyonguruma kama inataka kupigana. Wengine wawili walikuwa marafiki walioleta gari moja. Ian alilizunguka lile Mark II akishika kichwa.

"Niaje, mzee. Aki hii ni chuma! Hizi hazitengenezwi tena. Ukitaka kuuza, mimi ndiyo wa kwanza, sawa?"

"Hii haiuzwi," Job alisema, na kifua kikampanuka.

Walianza na kuosha. Nyaruai aliwafundisha kutumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari. Kisha aliwapa kila mmoja kipande cha udongo maalumu, laini kama ugali wa jana, wa kuvuta uchafu ulionata ndani ya rangi. Aliwaonyesha ujanja wa kujua kama rangi imetakata: unavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupapasa. Ukipapasa kwa mkono mtupu utaona ni laini, lakini ndani ya plastiki vidole vinasikia kila chembe. Job alilipenda sana jambo hilo. Alipapasa boneti yote, inchi kwa inchi, akitabasamu peke yake.

Phelista alikuwa ameketi juu ya gunia na chupa yake ya chai, akitazama. Alikuwa amesahau kwamba mume wake anaweza kuwa mwanafunzi.

Baadaye Nyaruai aliomba milango mikubwa ifungwe. Ghala likawa giza, na ndani ya giza lile akawasha taa kali ya mkononi na kuipitisha juu ya boneti ya Job. Watu waligutuka. Rangi iliyoonekana nzuri nje, chini ya taa ile ilikuwa imejaa mikwaruzo midogo isiyohesabika, yote ikizunguka mwanga kama utando wa buibui.

"Hiyo si rangi," Kiplagat alisema. "Hilo ni shamba limepitiwa na haro ya trekta."

"Hii yote ni ya kuosha vibaya," Nyaruai alisema. "Kitambaa kimoja, maji machafu, miaka mingi. Lakini msiogope, inatoka. Sasa kila mtu achukue tepe, aweke mahali anaona mkwaruzo mkubwa zaidi kwa gari yake. Hapo ndipo tutaanza."

Kwenye boneti ya Mark II, upande wa kushoto, kulikuwa na mkwaruzo mrefu kama mkono wa mtu. Phelista aliuona kutoka kwenye gunia lake. Job aliinama, akaangalia hapa na pale, akabandika kipande cha tepe katikati ya boneti, mahali pasipokuwa na kitu.

"Hapa," alisema.

Nyaruai alifikiri anafanya mzaha. "Na huu mkubwa hivi, baba?"

"Huo pia," Job alisema haraka. Lakini uso wake ulikuwa umeelekea upande mwingine.

Phelista alikuwa anamimina chai. Aliacha kumimina.

Milango ilifunguliwa tena, na ukaja wakati wa mashine. Nyaruai aliwabandikia tepe ya kijani kwenye kingo zote za boneti na kwenye kila mkunjo wa bati, na akaeleza kwa nini. Kwenye mkunjo, rangi ni nyembamba. Mashine ikikaa hapo kidogo tu, inachoma vanishi, inachoma rangi, unafika chini. Kwa hiyo tepe ya kijani ni mpaka. Usiuvuke.

Job aliushika mdundo wa mashine haraka kuliko wote. Mkono wake ulikuwa imara, hautikisiki. Aliishusha, akaipandisha, akaipeleka kushoto na kulia, na dawa nyeupe ya polishi ikayeyuka mpaka ikawa kama mvuke juu ya kioo. Nyaruai alimsifu, kisha akaenda kumsaidia Ian, ambaye mashine ilikuwa inamrukaruka mikononi kama kuku.

Ndipo ikaja harufu. Harufu kavu, chungu, kama nywele zilizogusa jiko. Phelista aliinuka. Mashine ya Job ilikuwa imevuka ile tepe ya kijani upande wa kushoto, ilikuwa inazunguka juu ya mkunjo wenyewe, na tepe ilikuwa imechanika na kujisokota kwenye sponji ya mashine. Job aliendelea kusukuma kwa utulivu.

"Zima! Baba, zima!" Nyaruai alipaza sauti.

Job alizima. Chini ya sponji kulikuwa na alama ya kijivu, pana kama kidole gumba, mahali ambapo rangi ya damu ya mzee haikuwepo tena. Job aligeuza kichwa huku na huku.

"Kwani nimefanya nini?"

Alikuwa amesimama juu yake. Alama ilikuwa mbele ya mkono wake wa kushoto, na alikuwa anauliza.

Nyaruai aliitazama ile alama, akamtazama mzee, kisha akamtazama Phelista. "Ni makosa yangu," alisema. "Ningekaa karibu. Wacha tupumzike kidogo, watu wanywe chai."

Phelista alimshika mumewe kiwiko na kumtoa nje, nyuma ya ghala, kwenye ukuta ambapo mtu alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai. Jua lilikuwa limetoka sawasawa. Alimwachilia mkono. Kisha alizunguka kwa kunyata akaenda kusimama upande wake wa kushoto, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa shavu.

Job alingoja. Akakohoa. Akageuza uso kulia, kuelekea alikokuwa mke wake mwanzo.

"Mama Nasimiyu? Umeenda?"

Phelista alifumba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amefundisha watoto miaka mingi, na kila mwaka kulikuwa na mmoja wa kuketishwa mbele kwa sababu haoni ubao. Aliwajua wote katika wiki ya kwanza. Huyu analala naye, na hakumjua.

"Niko hapa," alisema.

Job aligutuka, akageuka. Kichwa chote kiligeuka kabla macho hayajampata. Basi akajua kwamba mke wake amejua.

"Tangu lini?" Phelista aliuliza.

"Hili la kushoto ni kitambo. Tangu mavuno ya mwaka jana, ama kabla. Ilianza kama moshi kando kando. Hili lingine bado linaona, lakini ni kama kuchungulia ndani ya bomba. Cha mbele nakiona. Cha kando hakuna."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Wewe ulimwona mama yangu. Alianza hivyo hivyo, akamaliza akiwa ameketi jikoni, anauliza ni nani ameingia. Nilijua ni hiyo. Hiyo haina dawa."

"Nani alikuambia haina dawa? Ulienda hospitali?"

Job aligeukia mahindi yaliyoanikwa.

"Hukuenda." Sauti ya Phelista ilikuwa imeanza kupanda, na hakuizuia. "Hukuenda hospitali, lakini ulinipakia kwa gari. Ukanitoa Matulo mpaka hapa. Ati hao watoto wanavuka ama wamesimama! Nikidhani unaongea na mimi, kumbe unanitumia kama kioo cha pembeni!"

"Hiyo barabara naijua, Mama Nasimiyu. Naijua yote, kila tuta."

"Barabara unaijua. Watu wako barabarani huwajui. Yule wa maziwa ako na watoto, ako na mama. Tungemuua leo asubuhi, halafu tuje hapa tupige gari polishi?"

Job aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mkubwa, na alipoinama vile alionekana kama nguo iliyoshushwa kwenye msumari. Aliposema tena, alisema polepole, kama anayetafuta neno moja moja chini.

"Nilitaka niione mara moja iking'aa. Kabla bomba halijafunga. Nasimiyu alipotuma ile meseji, nikasema Mungu amenikumbuka. Nilifikiri, nikishaiona, nitakuambia. Halafu nikiacha kuendesha, nani atakupeleka Naitiri kwa mama yako? Nani atakupeleka kanisani wakati wa mvua? Hicho ndicho kitu nakufanyia. Sina kingine."

Hasira ya Phelista haikuisha, lakini kitu kilikuja kikaketi kando yake. Alimshika mkono. Ulikuwa na dawa nyeupe iliyokauka kwenye kucha.

"Huna kingine," alisema. "Job. Ndiyo maana nimekaa na wewe miaka hii yote, kwa sababu ya usafiri?"

Job alicheka kidogo, kicheko chenye maji ndani yake, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Nipe ufunguo," Phelista alisema.

"Utafanya nini nao? Wewe tangu ugonge lile geti la shule hujashika gari."

"Leseni ninayo. Na geti lilisimama, halikufa. Nipe."

Aliutoa mfukoni. Aliushika kwanza, akaugeuza mara moja kwenye vidole, kisha akauweka kwenye kiganja cha mke wake na kukifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

Waliporudi ndani, watu waliacha kuongea. Phelista hakutaka minong'ono, basi akasema kwa sauti ya darasani, "Mwalimu, macho ya mzee ni mabaya. Tutaenda hospitali. Lakini tulikuja kujifunza, na hatujamaliza."

Nyaruai hakusema pole nyingi. Alifungua kabati, akatoa aproni nyingine nyeusi, akamvisha Phelista na kumfunga kamba mgongoni. Alikuwa tayari ameifuta ile alama ya kijivu na kuipaka rangi ya brashi ndogo, iliyokaribia kufanana, ili kutu isiingie. "Itaonekana ukitafuta," alisema. "Usipotafuta, haionekani. Sasa mama, wewe utakuwa macho. Baba, mikono ni yako. Tuone."

Walianza na mlango wa nyuma, mahali pasipokuwa na mkunjo mwingi. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Phelista alisema "huku" na "hapo", na Job akauliza "huku wapi?" mpaka Kiplagat akacheka kwa sauti. Kisha Phelista akajirekebisha kama anavyojirekebisha mwalimu ambaye somo halijaeleweka. "Shuka. Shuka tena. Simama, umefika tepe. Rudi kulia. Usikandamize." Job alitii. Ilikuwa ajabu kumwona akitii, na ilikuwa ajabu zaidi kwamba alionekana amepumzika. Mabega, ambayo yalikuwa juu tangu asubuhi, yalishuka.

Walipofika mlango wa mbele, walibadilishana. Phelista alishika mashine. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, na mtetemo wake uliingia mpaka kwenye meno. Job alisimama nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono yake, akamwonyesha jinsi ya kuiacha ifanye kazi yenyewe.

"Usipigane nayo," alimwambia sikioni. "Ni kama kumshika ng'ombe anayetaka kwenda nyumbani. Yeye anajua njia. Wewe mwelekeze tu."

"Unanukia dawa," Phelista alisema.

"Na wewe unanukia mayai."

Ian alijifanya hasikii. Baadaye alimwita Job aje apapase Subaru yake kwa ule mfuko wa plastiki. "Mzee, cheki hapa, mimi naona iko fiti." Job alipapasa, akapata sehemu chafu juu ya taa, akakosa nyingine kubwa kwenye mlango, na Nyaruai akawaambia wote wawili warudie.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipomaliza. Walilisukuma Mark II nje kwa mikono, hakuna aliyetaka kuliwasha. Liliingia kwenye mwanga, na wote wakarudi nyuma kulitazama. Rangi ile ilikuwa imerudi na kina chake, nyekundu iliyokolea hadi karibu na weusi, na mawingu ya Kitale yalikuwa yanapita juu ya paa lake kama juu ya maji.

Phelista alimshika Job mabega, akamsogeza hatua chache, akamgeuza mpaka jicho la kulia likawa sawa na mlango.

"Unaona?"

Job alisogeza kichwa, akakirudisha, akakipata kile alichokuwa anakitafuta.

"Naona mtu ndani ya rangi, amevaa kitambaa cha kichwa," alisema. "Na aproni. Ni mrembo. Ni nani huyo?"

"Ni mwalimu wa darasa la tatu."

"Mbona analia?"

"Ni dawa ya polishi. Imeniingia."

Kiplagat alijitolea kuwaendeshea mpaka Webuye, arudi kwa basi. Phelista alimshukuru na kukataa. Ian, ambaye alikuwa anarudi Bungoma kwa njia hiyohiyo, alisema atatangulia polepole, wamfuate taa zake. "Sitakimbia, mathe. Leo ninaendesha kama pasta wa kanisa."

Phelista alivuta kiti mbele mpaka magoti yakagusa usukani. Aliomba kimya, akaingiza gia, na gari likaondoka kwa mruko uliowafanya wote wawili waseme "Yesu!" kwa pamoja. Mpaka Kiminini alikuwa anatoka jasho. Job, kwenye kiti cha kushoto ambacho hakuwahi kukikalia, alikuwa anakanyaga breki ambayo haikuwepo.

"Tuta linakuja, baada ya ule mkuyu," alisema.

"Naliona."

"Kuna kona."

"Baba Nasimiyu, ninaiona. Nyamaza kwanza."

Baada ya Kamukuywa Job alinyoosha mkono, akauweka juu ya goti la mke wake, na akauacha hapo. Walifika Matulo kukiwa bado na mwanga. Ian alipiga honi kwa furaha, akaenda zake, na majirani waliokuwa wanafungia kuku bandani walisimama kutazama ni nani anayetoka upande wa dereva.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa daktari wa macho Bungoma. Phelista aliomba ruhusa shuleni. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikono baridi, na alimkagua Job kwa muda mrefu, akimwekea matone, akimmulika, akimwambia atazame juu na chini.

"Ni presha ya macho," alisema mwishoni. "Inawezekana hata mama yako alikuwa nayo. Mzee, sitakudanganya. Kilichopotea hakitarudi. Jicho la kushoto limeenda sana. Lakini hili la kulia tunaweza kulilinda, ukiweka dawa kila siku bila kuruka, na ukija nikikuita. Gari usiendeshe tena. Na huyo binti yenu apimwe mapema, hata kama anaona vizuri."

Job aliuliza swali moja tu. "Halitafunga?"

"Ukinisikiza, tunaweza kulishikilia miaka mingi."

Alitikisa kichwa kukubali mara kadhaa. Walipotoka nje alisimama kwenye veranda ya hospitali akiwa ameshika chupa ndogo ya dawa, na Phelista aliona midomo yake ikisema kitu, lakini hakukisikia, na hakuuliza. Alimpigia Nasimiyu hapohapo, akamweleza yote, na Nasimiyu akalia kwenye simu, kisha akaahidi kwenda kupimwa kabla ya Ijumaa, kisha akauliza, "Na nani anaendesha?"

"Mimi," Phelista alisema.

"Wewe, mama?"

"Ati nani mwingine?"

Walipita Kanduyi, ambako magari yalikuwa mengi na Phelista aliendesha huku ameuma mdomo wa chini. Baada ya hapo barabara ilifunguka. Mchana ulikuwa na joto, miwa imesimama pande zote mbili, na upepo uliingia dirishani ukinukia vumbi na molasi. Job aliongea kidogo juu ya daktari, kwamba mikono yake ilikuwa baridi, kwamba alimkumbusha mtu wa ofisini kwao zamani. Aliuliza kama wamepita Bukembe. Phelista akamwambia bado.

Walipofika Bukembe alimwambia, lakini hakujibiwa. Aligeuka kumtazama. Mume wake alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Hakuwahi kumwona amelala ndani ya gari maisha yake yote. Mbele kulikuwa na tuta. Phelista aliondoa mguu kwenye mafuta mapema, akaliacha gari lipungue lenyewe, akalipanda tuta taratibu, magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma, ili asimwamshe.